Nywele za kipilipili zikauke na upepo na zibaki laini: mwongozo kamili, kuanzia ndoo ya maji mpaka kufungua mabutu

Mi nilimaliza fom foo na kipara. Nadhani wengi wetu ndo hivo hivo, shule inataka kichwa kimenyolewa, unasoma miaka kumi na moja hujui hata nywele zako zikiota zinafananaje, alafu mtihani ukiisha unaziachia ziote na hakuna aliyewahi kukufundisha kuziosha. Mama anajua za kuweka dawa, msusi anajua kubloo na kusuka rasta, sasa hii ya kuosha nywele za asili nyumbani zikauke zenyewe bila draya na bado ziwe laini, hiyo kila mtu amejifunzia kichwani kwake mwenyewe.

Mi nilijifunza siku ya sendofu ya binamu yangu. Niliosha asubuhi vizuri tu, nikafuta na taulo, nikaziacha wazi zikauke huku napiga pasi nguo, kufika saa nane nashika kichwa naona nimevaa stilwaya. Nikapaniki nikamwagia mafuta ya nazi karibu nusu chupa. Zikawa stilwaya yenye mafuta. Nikaenda na kilemba, na mpaka leo kwenye zile picha mi ndo yule wa kilemba.

Kosa langu sikuliona siku ile, nilikuja kuliona baadae sana. Ulaini wa nywele zetu unaamuliwa zikiwa bado zinadondosha maji, kama dakika kumi na tano za kwanza baada ya kusuuza. Ukishazipoteza hizo dakika, kila unachopaka baadae kinakaa juu juu tu. Kwahiyo mwongozo huu utaona nimeng'ang'ania sana hapo katikati, kwingine napita haraka.

Kwanini zinakauka ngumu

Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe. Kwa mtu wa nywele za singa yanateremka tu mpaka kwenye ncha, kwetu unywele una kona kona njia nzima, yanakwama karibu na shina, ndo maana unaweza kuwa na mba na mafuta chini huku ncha zimekauka kama majani ya mnazi. Hilo la kwanza.

La pili ni hili la maji. Unywele ukilowa, kuna vishikizo vidogo vya ndani vinaachia, wataalamu wanaita bondi za haidrojeni, ukikauka vinashikana upya kwenye umbo lolote ambalo unywele umekutwa nalo. Umekutwa umejikunja na kusokotana na jirani zake kumi, basi vinafunga hapo hapo. Ukishika unasikia ugumu, na kweli ni ugumu, ila sehemu kubwa ni msongamano. Nywele zikikauka zimenyooka kidogo na zimelala upande mmoja, kichwa kile kile, mafuta yale yale, unasikia laini. Nywele za kipilipili zinaweza kusinyaa zikabaki robo tu ya urefu wake, sasa fikiria hizo robo tatu nyingine zimejibana wapi.

La tatu ni mabaki, sabuni, chumvi ya maji, jeli ya wiki iliyopita. Tuanze nalo hilo.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Hii watu wanairuka na mi imenisumbua karibu miaka miwili. Nilihamia nyumba ya kupanga yenye kisima, maji ukionja unasikia chumvi kwa mbali na sabuni haitoi povu la maana. Shampuu ile ile, kondishona ile ile niliyokuwa natumia kwetu, lakini nywele zikawa zinakauka kama zimepakwa chaki. Visima vingi vya Dar na pwani, na Dodoma ndo usiseme, maji yake yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, yakikutana na sabuni yanatengeneza utando, ule ule unaouona umeganda pembeni ya beseni la kufulia. Huo utando unakaa kwenye nywele pia.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa tupu ya maji, weka maji yako robo, kwangulia vipande vidogo vya sabuni ya mche, funga utikise nusu dakika. Povu likisimama juu na maji ya chini yakabaki karibu masafi, una maji laini, nenda hatua ya pili. Povu likigoma na maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, hayo ni maji magumu. Kuchemsha kunasaidia kidogo, ule ukoko mweupe wa kwenye birika ndo ugumu umetoka, ila chumvi haitoki kwa kuchemsha hata uchemshe mpaka kesho.

Huna haja ya kuhama nyumba. Osha na maji yako ya kisima kama kawaida, ila maji ya mwisho kabisa yawe mazuri. Lita tatu zinatosha kichwa kizima ukimimina kwa kikombe. Wakati wa masika na vuli nakinga ya mvua, lakini naacha kwanza mvua ioshe bati dakika kama kumi na tano maana yale ya mwanzo ni vumbi na mavi ya ndege. Kiangazi napunguza kwenye dumu la maji ya kunywa, mume wangu ananuna, namuacha anune.

Kitu kingine kinachosaidia ni siki. Kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji, unamwagia ukishasuuza shampuu, unahesabu kama dakika moja, unasuuza. Usizidishe, na kama kichwa kina vidonda au umetoka kusuka umechubuka achana nayo. Alafu msiweke ndimu jamani, najua ndo rahisi ipo jikoni, juisi ya ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka nayo juani inaunguza, unapata madoa meusi kwenye paji la uso yanakaa wiki kadhaa.

Hatua ya 2: Mafuta ya nazi kabla ya kuosha

Hapa ndo mahali pake mafuta ya nazi, kabla ya maji. Nusu saa kabla au usiku wa jana yake, paka kwenye urefu wa nywele hasa ncha, kiasi cha kung'aa tu, yasichuruzike. Kuna utafiti wa India ulichapishwa 2003 walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, ni ya nazi tu ndo yalionekana kupunguza protini inayopotea kwenye nywele wakati wa kuosha, kwa sababu yanaweza kuingia ndani ya unywele, hayo mengine yanabaki nje. Bibi zetu wa pwani hawakusubiri utafiti lakini ni vizuri kujua.

Walioko Mbeya, Njombe, Iringa, mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, usidhani umeuziwa feki. Yaweke kwapani dakika tano au tumbukiza chupa kwenye maji ya moto.

Hatua ya 3: Gawa kwanza, alafu ndo uloweshe

Usiingie bafuni na nywele wazi. Gawa mafungu manne, zikiwa nyingi sita au nane, kila fungu lisokote liwe butu legelege. Unafungua moja, unaosha, unasokota tena, unaenda jingine. Ukiosha zote kwa pamoja huku unazisugua juu ya kichwa kama unafua soksi, umetengeneza mafundo ambayo hakuna kondishona itayafungua.

Shampuu inaenda kwenye ngozi ya kichwa, kwa ncha za vidole, kucha hapana. Lile povu likiteremka linatosha kuosha urefu. Maji yawe ya uvuguvugu. Sabuni ya kipande, hata ile ya kuogea yenye picha ya maua, iache kwa ajili ya mwili, ni kali kwa nywele, inayainua yale magamba ya juu ya unywele (kila unywele una vigamba vimepangana kama vigae vya paa) na vikisimama unywele unakwaruzana na wenzake. Tena sabuni ya kipande na maji magumu ndo ule utando wenyewe niliousema.

Hatua ya 4: Kondishona, usiionee huruma

Watu wanaweka kondishona kama wanaweka dawa ya meno. Nywele za kipilipili zinakunywa. Weka kwenye fungu lililolowa kabisa, ongeza maji kwa kiganja, mpaka usikie vidole vinateleza. Kondishona ina chaji chanya na nywele iliyolowa ina chaji hasi, kwahiyo inanata yenyewe hasa pale palipoharibika, we kazi yako ni kuhakikisha imefika.

Hapa ndo pa kuchana. Vidole kwanza, alafu kitana cha meno mapana, ukianzia kwenye ncha unapanda juu kidogo kidogo. Ukikuta fundo, usilivute, ongeza maji na kondishona, lifungue kwa vidole kama unafungua fundo la kamba ya kiatu cha mtoto. Ukishamaliza hapa, kitana hakirudi tena kichwani mpaka kuosha kunakofuata.

Vaa kofia ya plastiki dakika kumi. Zamani tulikuwa tunafunga rambo, rambo zimepigwa marufuku Tanzania bara tangu 2019, kwahiyo nunua ile kofia ya kuogea, inakaa mwaka. Kisha suuza, na usisuuze mpaka nywele zilie kwichi kwichi kama sahani. Acha ule utelezi kidogo sana ubaki. Maji ya mwisho ndo yale mazuri ya lita tatu, yasiwe ya moto.

Hatua ya 5: Taulo iache msumarini

Taulo la kawaida lina vile vinyuzi vya kujikunja, vinakamata nywele, na ukisugua umeharibu kazi yote. Chukua fulana ya pamba kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa nyembamba, fulana za kampeni ni nzuri sana kwa hii kazi na kila nyumba inazo. Shika butu moja, lizungushie fulana, bana kwa kiganja hesabu mpaka tano, achia. Usipindue kama unakamua nguo.

Na usikamue sana! Hapa ndo kwenye siri yote. Unataka fungu lidondoshe tone moja moja polepole, kila sekunde mbili tatu tone. Likiwa linachuruzika, livin yako (ile kondishona ya kupaka na kuiacha bila kusuuza) itaondoka na maji. Likiwa limekaukia, umechelewa. Kama unaosha mafungu nane na feni inapuliza, fungu la kwanza litakuwa limekauka ukifika la nane, kwahiyo weka chupa ya kupulizia maji karibu (maji yale yale mazuri, sio ya kisima), au fanya kama mimi, maliza fungu moja moja mpaka mwisho hapo hapo bafuni nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Hatua ya 6: Livin, alafu mafuta, alafu labda jeli

Mafuta hayaleti maji. Naomba hili ulishike kuliko yote. Mafuta ni mfuniko wa sufuria, kama sufuria haina kitu unafunika nini? Siku ile ya sendofu nilifunika sufuria tupu.

Chukua fungu moja, lifungue. Livin kiasi cha sarafu ya mia mbili kwa fungu la nywele zinazofika begani ukizivuta. Isambaze kwenye viganja vyote viwili kwanza, alafu pitisha nywele katikati ya viganja kama unapiga makofi ya kimya, kutoka juu kwenda chini, mara nne tano. Ncha ziongezee. Sasa bana fungu kwenye ngumi na usikilize. Kweli, sikiliza. Ukisikia sauti ya majimaji, kama mtu anakanyaga tope jepesi na ndala, kiasi kiko sawa. Kama hakuna sauti, ongeza maji kwanza kabla ya kuongeza livin, maana mara nyingi kinachokosekana ni maji. Kama povu jeupe linabaki kwenye nywele na halipotei, umezidisha.

Huna livin? Kondishona yako ya kawaida kidogo, kijiko cha chai kimoja kwenye vijiko vinne vitano vya maji, inafanya kazi. Sio kondishona zote zinapenda kuachwa, kama kichwa kinawasha siku ya pili, hiyo yako haipendi.

Mafuta yanafuata, matone matatu manne kwa fungu. Ya mnyonyo ni mazito, mi nayachanganya na ya alizeti nusu kwa nusu na naweka ncha tu. Nywele zako kama ni nyembamba, zile zinazolala chap ukipaka kitu, ruka mafuta kabisa au weka tone moja. Ukipata siagi ya shea ya Uganda kaskazini chukua, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani yenyewe.

Jeli inategemea na hali ya hewa na uvumilivu wako. Kazi yake ni kuzishika nywele zilale pamoja wakati zinakauka zisitawanyike, na kwa Dar ya mwezi wa nne bila jeli mi nafumuka kabla hata sijatoka getini. Nayotumia ni ya bamia, usinicheke. Bamia sita zikatekate, maji vikombe viwili, chemsha moto mdogo dakika kumi mpaka kumi na tano mpaka mwiko ukiinua unavuta uzi, chuja kwa kitambaa ikiwa bado ya moto maana ikipoa haichujiki. Inakaa friji siku nne au tano, ikianza kunuka mwaga. Ikikauka inaacha kama gamba jembamba, usiogope, gamba linavunjwa mwishoni.

Kabla ya kupaka jeli yoyote ya dukani, changanya tone lake na tone la livin yako kwenye kiganja. Ikichanganyika ikawa kitu kimoja, vizuri. Ikikatika vipande vipande kama mtindi ulioharibika, hizo haziivi chungu kimoja, zitakuachia ukoko mweupe utadhani una chawa.

Na glisirini. Kila mtu ana chupa ya glisirini nyumbani. Inavuta maji kutoka hewani, kwahiyo pwani wakati wa unyevu inafanya nywele zivimbe na kunata, na Dodoma mwezi wa nane hewa yenyewe haina maji ya kuvutwa, unaishia kujisikia mkavu zaidi. Matone machache ndani ya maji ya kupulizia sawa, kujipaka mbichi kama mafuta hapana.

Hatua ya 7: Zivute zikiwa bado mbichi

Sasa ile habari ya vishikizo. Umbo utakalozifunga ndo zitakalokauka nalo, kwahiyo usiziache wazi. Njia ni nyingi, mi natumia mbili.

Mabutu ya kusokota ndo rahisi. Fungu lile lile ulilolipaka, ligawe pande mbili, zizungushe moja juu ya nyingine mpaka kwenye ncha, ncha izungushie kidoleni ijikunje. Mabutu manane mpaka kumi na mbili. Usikaze kwenye shina. Nywele zikikauka zinajivuta zenyewe, ulichokaza kidogo zikiwa mbichi kitakuwa kimekaza sana zikikauka, na kingo za mbele ndo zinaanza kuondoka. Kama kope zinapanda juu umekaza.

Ya pili ni uzi. Hii ndo naipenda mpaka nimekuwa mbishi. Shangazi yangu yupo Muheza, anasuka uzi huku anabishana na jirani bei ya machungwa, hata kichwa chako hatazami, na zikikauka unafungua nywele zimenyooka utadhani umepiga bloo ya baridi. Nilimuomba anioneshe polepole akaniambia hawezi polepole, ikabidi niangalie mara nne. Anavyofanya ni hivi: anachukua uzi mweusi wa kusukia, ule wa pamba sio wa nailoni maana nailoni inateleza, anakata urefu mara tatu ya nywele. Anaufunga shinani kwa mizunguko mitatu, imeshika ila haijabana, alafu anashuka anazungusha akiacha nafasi kama upana wa kidole kidogo kati ya mzunguko na mzunguko, mkono wa kushoto ukiwa umeshika ncha na kuvuta taratibu muda wote. Huo mkono wa kushoto ndo fundi. Karibu na ncha anazungusha karibu karibu, anapitisha uzi ndani ya kitanzi chake, basi. Nafasi kati ya mizunguko ndo inaruhusu upepo kupita, ukizungusha uzi mzima bila nafasi kama uzi wa mtindo wa kutokea, haziwezi kukauka siku hiyo.

Vijiti kumi vya uzi kichwa kizima, unatisha kidogo, mtoto wangu ananiita buibui. Watu wa mtaani wamezoea.

Nywele fupi sana zisizosokoteka, inchi mbili hivi, mwongozo ni mfupi: livin zikidondosha maji, jeli kidogo, zipitishe vidole kuelekea upande mmoja, usiguse. Wa dredi, ruka jeli na krimu nzito, na hakikisha zimekauka mpaka katikati, dredi ikibaki mbichi ndani inanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Hatua ya 8: Kukauka nako ni kazi

Kaa kibarazani kwenye kivuli chenye upepo. Jua la saa saba linakausha nje haraka na kuacha ndani mbichi, na linakufanya utake kugusa gusa. Kama upo ndani, feni namba moja, ipige ukutani irudi, isikupulize usoni.

Mikono mbali. Nywele iliyokauka nusu ukiichokonoa umeshaifumua na hairudi. Mi naosha Jumapili saa mbili asubuhi makusudi, siku ambayo sina safari, napika na kufua nimevaa mabutu yangu. Kwa Dar mwezi wa saba kwenye kipupwe zangu zinachukua kama saa sita, masika zinaweza kufika jioni kabisa bado. Masika gawa mabutu madogo zaidi. Dodoma tatizo ni kinyume, zinakauka haraka mno, kwahiyo zifunike na ile fulana nyepesi nusu saa ya kwanza, livin iingie, ndo ufunue.

Usifunge kilemba juu ya nywele mbichi ukaenda kazini, joto na maji ndo mba inapopapenda. Kama usiku umekukuta, lala na kitambaa cha satini kimefungwa legelege, ukiamka na mabutu yaliyopinda sawa tu.

Kujua zimekauka, usishike kwa nje. Ingiza kidole kwenye shina la butu la kisogoni, hapo ndo pa mwisho. Ukisikia baridi, bado kuna maji, hata kama kunaonekana pakavu. Baridi ikiisha subiri nusu saa nyingine.

Hatua ya 9: Kufungua

Mafuta matone mawili, sugua viganjani mpaka viwe vinang'aa tu. Fungua kutoka kwenye ncha kurudi juu, kwa kulegeza, uzi unazungushwa kinyume haukatwi na mkasi, mi nimewahi kukata na nywele humo humo. Ukisikia zile nywele ngumu ngumu za jeli, zibane kwa viganja vyenye mafuta, gamba linavunjika na chini yake ndo laini. Tenganisha kila butu mara mbili, basi. Ukizidi hapo unatafuta ukubwa na unaupata, ila ulaini unapungua.

Ikigoma

Zimekauka kama majani na zina vumbi jeupe, hayo ni maji au mabaki, kuosha kunakofuata tumia siki na maji ya mwisho mazuri, usiongeze mafuta. Zinanata, umezidisha livin au glisirini, kaa nazo siku mbili, zikigoma suuza na maji tu. Laini shinani na ngumu kwenye ncha, mwaka mzima hivo hivo hata ufanye nini, ncha zimeisha, kata sentimita mbili. Najua inauma. Ncha zilizopasuka hakuna cha kuziunganisha, kila mtu anayekuuzia cha kuunganisha anakuuzia tu.

Zimeshakauka ngumu na una sehemu ya kwenda, kama mimi na ile sendofu? Hapo usimwage mafuta. Pulizia maji fungu moja moja mpaka ziwe nyevu kabisa, kondishona ile ya kijiko na maji, sokota mabutu makubwa sita, feni nusu saa au saa moja, fungua. Hazitakuwa kama za Jumapili ila zitapigika picha.

Na zile nyuzi usitupe, zioshe na shampuu iliyobaki kwenye kiganja, zianike kwenye kamba na nguo za watoto, zinakaa miezi.